Hebu Nione Ulipofika

Sisi watu wa pwani tuna hofu na kitu ambacho hakijaisha. Posa haitajwi mpaka mahari yapokewe. Mwenye safari hakwambii anaondoka lini. Utasikia tu yuko Maskati. Mjamzito hanunui nguo za mtoto mbele za watu, na akiulizwa miezi mingapi hujibu kwa kicheko. Msingi wa nyumba ukichimbwa, mwenye kiwanja huzungushia mabati, na ukimuuliza anajenga vyumba vingapi atakwambia anabahatisha tu, Mungu ndiye ajuaye. Jicho la mtu ni zito na kitu kichanga hakilihimili. Ndivyo tulivyolelewa, na sidhani kama wengi wetu tumeacha, hata wale tunaojifanya tumesoma sana.

Lakini ingia uani baada ya sala ya alasiri, jua likishapungua na vyombo vya mchana vimeoshwa. Mkeka umetandikwa, wanawake wanne watano wamekaa wamenyoosha miguu, na kila mmoja ana kazi mkononi ambayo pengine haijafika hata nusu: kofia, kitambaa cha kochi, foronya ya kudarizi, sweta la mjukuu. Hakuna anayeificha. Mgeni hajamaliza kuvua viatu, hajauliza hali za watoto, tayari amenyoosha mkono: "Hebu nione ulipofika." Anapewa. Anaigeuza juu chini, anaivuta, anahesabu matundu kwa ncha ya kucha, anaisogeza mwangani. Kinachodaiwa kwake ni neno moja tu, mashallah, na akilisahau atakumbushwa na walio karibu. Basi. Nyumba inataka mabati mwaka mzima. Kofia inatosheka na neno hilo.

Kuna wakati nilidhani sababu ni uzi wenyewe. Kazi ya kufuma, iwe kwa ndoano moja au kwa sindano mbili, ni uzi mmoja unaojipenyeza ndani ya nafsi yake. Ukishika mwisho wake ukavuta, safu nzima inarudi ilikotoka, tundu kwa tundu, na uzi uko palepale mkononi. Kilichopotea ni jioni yako tu. Ndiyo maana mtu anaweza kukwambia ukweli mapema bila kukuvunja moyo. Kitambaa cha duara kikianza kujikunja kingo na kuinuka kama kawa la kufunikia chakula, wenzako wataona kabla yako kwamba huongezi matundu ya kutosha kila mzunguko. Kikianza kupiga mawimbi, umeongeza mno. "Shoga, fumua mpaka hapa," atasema mmoja, na kucha yake itakuonyesha hapo ni wapi. Hakemei wala haombi radhi. Anajua kwamba ukifumua leo utafumua mizunguko miwili, na ukingoja mpaka Ijumaa utafumua kumi na moyo utakuuma.

Hoja hiyo ingenitosha kama si kofia. Kofia ya mkono, ile bulibuli nyeupe ya Ijumaa na sikukuu, haifumuki. Huanza na vipande viwili vya kitambaa cheupe, duara la juu na ukanda wa ubavuni, kila kimoja kikiwa cha tabaka mbili. Mchoro huwekwa kwa penseli: maua, nyota, vishada, mistari ya kupakana. Halafu matundu hutobolewa kwa ncha moja baada ya jingine, na kila tundu huzungushiwa uzi pande zote, mshono ukilala bega kwa bega na mwenzake, mpaka ukingo unakuwa mgumu na tundu linasimama lenyewe. Hayo ni mamia ya matundu katika kofia moja. Mwanamke anayeishona katikati ya kupika, kufua na kulea huchukua wiki nyingi, na mara nyingi miezi. Tundu likitobolewa pasipo pake, hakuna dawa. Hata ukiliacha bila uzi, kitambaa kimeshaumia na kitabaki na alama.

Na kofia hiyohiyo isiyofumuka ndiyo inayopita mikono mingi zaidi. Huyu anasifika kwa kuchora, anapelekewa vitambaa vitupu. Yule mkono wake ni mzuri kwenye ukanda. Mwingine ndiye mwenye kuunganisha duara na ukanda bila kufanya pindo la kukera kipaji cha uso. Kofia inaweza kutoka nyumba hii kwenda ile ikiwa imefungwa ndani ya leso, na kila inapofunguliwa inatazamwa na walioko. Kwa hiyo si kwamba tunaonyesha kile tu tunachoweza kukirudisha nyuma. Lazima kuna jambo jingine.

Nadhani jambo lenyewe liko kwenye kazi iliyokwisha. Kazi nzuri ya sindano ikimalizika huficha jinsi ilivyofanyika. Mafundo hurudishwa ndani. Ncha za uzi hupenyezwa chini ya mishono mpaka zipotee. Penseli hufuliwa ikatoka. Kofia inatiwa wanga, inavalishwa kwenye bakuli ikauke na umbo lake, na inapokuja mbele za watu ni nyeupe pe, imetulia, kana kwamba ilizaliwa hivyo. Kadiri mshonaji anavyokuwa hodari ndivyo anavyozidi kufutika. Mteja anaishika, anaigeuza mara moja, anasema: "Kofia tu hii, ghali hivyo?" Hana ubaya. Macho yake yameona kitu kimoja chepesi kinachoenea kiganjani, wala hayakuona miezi.

Walioona miezi ni wale wa uani. Wao wanaijua kofia hiyo tangu ikiwa na safu moja ya matundu. Wanajua ubavu huu ulishonwa wiki ambayo mtoto alilazwa, maana mishono imebanwa mpaka kitambaa kimejivuta, na ule mwingine ulishonwa baada ya kutoka hospitali, uzi umelegea na tundu limekuwa kubwa kidogo. Hayo mvaaji hatayaona kamwe. Ukimwonyesha atasema yako sawa, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini mwanamke aliyekaa kwenye mkeka ule anaweza kupitisha kidole kwenye ukanda na kukutajia matukio ya nyumba nzima. Nimemsikia mmoja akimwambia mwenzake, bila kuinua macho: "Hapa ulikuwa na hasira, wewe." Aliyeambiwa alicheka na hakubisha.

Basi "hebu nione ulipofika" ni kuomba kuwa shahidi. Na anayetoa kazi yake ikatazamwa anajiwekea mashahidi kabla ya siku ambayo kazi hiyo itakana kwamba iliwahi kuwa ngumu. Kwa mawazo yangu ndiyo sababu inayoishinda nguvu ya kuogopa jicho. Nyumba ikisimama, kila mtu ataona ukubwa wake na kukisia gharama. Kofia ikisimama, hakuna atakayejua kitu.

Asiyebahatika kuwapo wakati wa kazi ana njia moja ya kuijua: aigeuze ndani. Kofia hii imesafiri sana. Iko Barawa, Lamu, Unguja na Ngazija, na Oman inaitwa kumma, sehemu ya vazi la taifa, na Waomani wengi wenyewe wanakiri kwamba ilikuja na uhusiano wao na Zanzibar na mwambao wetu. Leo kumma za mashine zimejaa sokoni Matrah, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kumma ya mkono. Kwa nje, macho yasiyozoea yanaweza kudanganyika. Mzoefu haulizi muuzaji, anaipindua. Mashine hushona kwa nyuzi mbili, wa juu na wa chini, na ule wa chini hauwezi kunyamaza. Kazi ya mkono ndani yake ni karibu sawa na nje, ila kwa hapa na pale ambapo uzi ulikatika ukaanzwa upya. Hapo kuna kijifundo. Mimi hukitafuta kijifundo hicho kwanza, kabla hata ya kutazama maua.

Kupindua ndani ni ada ya watu wote wa uzi, na hakuna pahali utakapoiona vizuri kuliko kwenye mitumba. Sufi mpya ni ghali. Basi mfumaji anakwenda Gikomba, au Kongowea, au Karume kule Ilala, anainama kwenye rundo la masweta mapema belo likishafunguliwa, na wala hatazami mtindo. Sweta lenye kola ya ajabu, lililochanika kiwiko, la saizi ya mtu ambaye hayuko Afrika Mashariki nzima, yeye analikamata kwa furaha. Analipindua na kwenda moja kwa moja kwenye mshono wa ubavuni. Ikiwa vipande vilifumwa kwa umbo lake kisha vikaunganishwa, kingo ni nzima, na uzi utakuja mrefu kutoka begani hadi chini. Ikiwa sweta lilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye jora la kufumwa na kupigwa ovaloki, analirudisha palepale: kila safu imekatwa pande zote mbili, na atakachopata ni lundo la vipande vya urefu wa mkono. Muuzaji anamshangaa. Amekataa sweta zima na zuri, amechukua bovu.

Kulifumua ni kazi ya wawili. Mmoja anavuta, mwingine amenyoosha mikono mbele uzi uzungushwe juu yake. Uzi unatoka umejikunjakunja, bado unakumbuka matundu uliyokuwamo, na inabidi ulowekwe, utundikwe na kitu kizito chini mpaka unyooke. Wakati wote huo mikono ya mwenye kushika imefungwa. Hawezi kwenda popote, hawezi kushika simu, anaweza kuongea tu. Nina hakika mambo mazito ya familia nyingi yamesemwa hapo, kwa sababu aliyeambiwa hakuwa na pa kukimbilia.

Ukambani uzi wa masweta makuukuu ulipata kazi nyingine: uliingia kwenye vyondo, ukatoa mistari myekundu na ya buluu pembeni mwa mkonge. Na kiondo, jamani, ni kazi isiyojua kujificha. Kinaanzwa kitako kwanza, na nyuzi zilizosokotwa pajani zimeachwa ndefu zikining'inia pande zote. Mwenyewe anakibeba hivyohivyo kwenda kisimani, sokoni, mkutanoni, kanisani, mgongoni ana mzigo na vidole vinakwenda. Anayekutana naye njiani Jumatatu na kumwona tena Alhamisi anajua kimepanda kiasi gani. Huko mbali kabisa, visiwa vya Shetland kaskazini mwa Uskoti, zipo picha za zamani za wanawake waliobeba kapu la mboji ya kuwashia moto mgongoni huku wakifuma soksi wakitembea. Sindano moja ilichomekwa kwenye mshipi wa ngozi wenye matundu, uliojazwa singa za farasi, ili mkono mmoja upumzike. Nilipoziona mara ya kwanza nilifikiri mara moja juu ya barabara ya Machakos.

Ila mfano huo wa Shetland unanitia shaka kwenye hoja yangu, na sitaki kuipitia pembeni. Wanawake wale walionekana na njia nzima, tena kila siku. Hata hivyo, uchunguzi wa serikali ya Uingereza uliochapishwa 1872 ulikuta wafumaji wengi wanalipwa na wenye maduka kwa chai na vitambaa badala ya fedha taslimu. Mashahidi walikuwapo tele. Lakini mwenye kulipa hakuwa njiani. Alikuwa nyuma ya kaunta, akipokea shali iliyokwisha, iliyofuliwa na kukunjwa. Ushahidi wa uani unamfaa mshonaji moyoni mwake, na si jambo dogo. Mfukoni hauingii mpaka umfikie mnunuzi.

Wako waliotaka kazi hizi ziwe za kimya. Wamisionari waliwafundisha wasichana kushona kule Mbweni, Unguja, tangu miaka ya 1870. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilipoasisi Maendeleo ya Wanawake mwaka 1952, kushona na kufuma kulikuwa kwenye mafunzo, pamoja na usafi na mapishi. Picha waliyokuwa nayo kichwani ni mama aliyetulia peke yake, nyumba safi, kichwa kimeinama. Wanawake wakachukua sindano, picha wakaiacha. Kitambaa cha kochi, ambacho vijana wa mjini siku hizi wanakivua haraka mgeni wa maana akija, kilifumwa kwenye makelele.

Hata watoto hufundishwa humo, na kwa njia ambayo hakuna kitabu kinachoifuata. Kitabu huanza mwanzo: piga fundo, fuma mnyororo, ufunge duara. Uani mtoto haanzishwi mwanzo. Mwanzo ni mgumu, uzi bado hauna pa kushikika, vidole vinateleza. Anapewa katikati. Mama au shangazi anafika kwenye safu iliyonyooka, isiyo na kuongeza wala kupunguza, anasema, "Haya, endelea mpaka pale," na kwenda kugeuza chapati. Akirudi anakuta matundu kumi na mawili yasiyolingana ndani ya kazi yake nzuri. Ana hiari ya kuyafumua. Wengi hawayafumui. Ukiangalia vitambaa vya nyumba yoyote yenye mabinti, utakuta mahali fulani katika seti ya vitambaa sita kuna kipande kifupi ambacho mkono umebadilika, kisha ukarudi.

Sharti nimtaje fundi cherehani, maana yeye ni kinyume cha haya yote. Amekaa barazani mbele ya mtaa mzima, Singer au Butterfly yake inasikika mpaka kona ya pili, na bado hakuna anayejua nguo yako imefika wapi. Jumatatu anakwambia njoo Jumatano, vimebaki vifungo tu. Jumatano unakiona kitambaa chako kwa macho yako chini ya meza, kimekunjwa kama ulivyokileta, hakijaguswa na chaki. Nimekasirishwa na mafundi kama kila mtu, lakini ninawaelewa pia. Mkasi si ndoano. Badani ya kanzu ikikatwa fupi imekatwa, taharizi itaongeza upana lakini urefu hautapatikana tena, na mteja akisimama juu ya kichwa cha fundi wakati huo mkono utatetemeka. Fundi mzuri ana siku yake moja ya kuonyesha. Anapiga bandi, ile mishono mirefu ya kutolewa baadaye, na kukuita upime. Nguo ina pini, mkono mmoja haujatiwa, nyuzi nyeupe zinaonekana juu ya kitambaa cheusi, na wewe unajiona kwenye kioo chake kilichopasuka ukiwa kiroja. Hapo bado kuna la kufanya. Harusi ngapi zimeokolewa na siku hiyo.

Lipo swali ambalo wanawake wa uani hawajakubaliana, nami nimelisikia likirudi mara nyingi. Mtu akifa na kazi yake haijaisha, ifanywe nini? Wapo wasemao imaliziwe, tena haraka, iwe sadaka: kofia avalishwe mwanawe, sweta apewe yatima. Wengine wanasema mkono wa pili utaonekana tu. Kila mtu ana mvuto wake wa uzi, na hata ukitumia uzi uleule na sindano ileile, mstari utabaki pale marehemu alipoishia. Ni kweli, utabaki. Mimi niko upande wa kumaliza, na mstari uachwe uonekane. Sioni aibu yake. Bibi mmoja mkali alinipinga kwamba nasema hivyo kwa sababu sijawahi kukabidhiwa kazi ya marehemu na kutakiwa niifikie. Akaeleza jinsi mtu anavyoanza kwa kufumua safu ya mwisho ya mwenzake ili apate pa kushikia, na akaacha hapo, akaomba chai.

Kuhusu mnunuzi na ushahidi usiomfikia, aliyenipa jibu bora ni mama mmoja anayeuza kofia kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe. Kofia zilizokwisha amezipanga moja ndani ya nyingine mkono wa kulia. Mapajani ana moja ambayo nusu ya duara lake ina matundu yaliyosimama sawasawa, na nusu nyingine ni alama za penseli tu. Mteja akiuliza bei ya zile za kulia, akitajiwa, akianza kukunja uso, yeye hasemi kitu. Anamtilia mkononi ile ya mapajani. Mteja anatazama penseli, anatazama matundu, anaanza kuhesabu, anaacha. Wengine wanaondoka vilevile. Wanaobaki hupatana kwa adabu zaidi.

Niliporudi baada ya muda mrefu, kofia ile ilikuwa palepale, nusu kwa nusu. Penseli ilikuwa imepitishwa upya.

"Bi mkubwa, hii haiishi?"

"Niimalize, halafu nani aongee na wateja, mwanangu?"

Nikamwambia huo ni ujanja. Akakubali kwamba ni ujanja, akaniuliza namnunulia nani na kichwa chake ni saizi gani.